Alamu Ilipokwenda Ofu

Baba yangu alikuwa kuli bandarini Tanga, na nyumbani kwetu neno "ofu" lilikuwa na harufu ya samaki. Siku baba akiwa ofu, alikwenda mwenyewe soko la samaki la Deep Sea, akarudi na changu watatu kikapuni, mama akawaunga kwa nazi, tukala mpaka tukasahau kuwa kesho kuna shule. Ofu ya pili niliijua kwenye pasi ya umeme ya jirani: kitufe upande huu ON, upande ule OFF, na ukikosea suruali ya mtu inaungua. Ya tatu ni ofsaidi ya mpira, ambayo hata hivyo sisi tunasema fulani ameotea. Kwa mtaji huo wa ofu tatu nikapanda ndege kwenda Uingereza.

Ilikuwa 2023. Mwaka mmoja kabla, Februari 2022, Waingereza walikuwa wamewaingiza wahudumu wa wazee kwenye viza yao ya afya, na mtaani habari ikawa moja tu: kea. Mtihani wa Kiingereza nilifaulu kiwango cha B1, cheti ninacho hadi leo, na hakuna swali hata moja lililogusa ofu. Nikaajiriwa kwenye nyumba ya kulelea wazee, mji mmoja wa Yorkshire, wazee 22, ghorofa mbili, na baridi ambayo sitaki kuizungumzia.

Dalili zilianza wiki ya kwanza. Njiani kwenda kazini palikuwa na duka limeandikwa kwa herufi kubwa OFF LICENCE. Nikasema masikini, mwenye duka huyu kafutiwa leseni, na manispaa wamemlazimisha aandike mwenyewe juu ya mlango ili kila mtu ajue. Lakini mbona anauza? Tena mchana kweupe, taa zinawaka, watu wanatoka na mifuko! Mimi na viza yangu changa nikawa navuka barabara, napita upande wa pili, nisije nikakamatwa kama mteja. Miezi miwili nilivuka barabara. Kumbe leseni anayo, na ni ya kuuza pombe ya kwenda kunywea nje ya duka. Basi ningeendelea kuvuka tu, ila kwa sababu nyingine.

Halafu yakaja maziwa. Dada mmoja Mwingereza, anamaliza shifti, anavaa koti, ananionyesha chupa iliyo karibu na sinki: "The milk's off." Nikamshukuru. Nilielewa hivi: maziwa ameshayatoa kwenye friji, yanasubiri chai. Nikamimina kwenye vikombe 11. Maziwa yakakatika, mabonge yakaelea juu kama tui lililoachwa jua kali. Bibi mmoja akachungulia kikombe chake, akasema, "It's off." Nikakiondoa mezani. Akasema tena, "No, dear, it's off." Nikamwambia ndiyo bibi, nimeshakiondoa. Akanitazama kwa huruma, vile wanavyowatazama wenzao ambao kumbukumbu imeanza kuwaaga.

Hayo yote lakini yalikuwa mazoezi.

Januari, shifti ya usiku. Meneja kabla ya kuondoka alinipitisha kwenye kisanduku cha alamu ya moto, pale ukutani karibu na mlango mkubwa. Kina taa ya kijani na kioo kidogo cha maandishi, na namba ya siri ya kukinyamazisha anayo yeye peke yake. Juu yake alikuwa amebandika karatasi: IF THE ALARM GOES OFF, RING ME AT ONCE. Akanisomea kwa mdomo pia, polepole, kidole kikifuata maneno. Nikaitikia, "Yes, madam." Alishaniambia nimwite kwa jina lake, ila ulimi wa Tanga hauwezi kumwita bosi jina tupu.

Nikaipenda ile kazi. Alamu ikienda ofu, nimpigie. Maana yake alamu hii ni mbovu, ina tabia ya kuzimika, na ikizimika wazee 22 watalala bila ulinzi. Mtu mzima nimepewa dhamana. Kila nusu saa nilikwenda kutazama: taa ya kijani inawaka. Saa sita, inawaka. Saa saba, inawaka. Saa nane nikaifuta vumbi.

Mwenzangu wa usiku ule alikuwa mama mmoja wa Mombasa, mtu wa Kisauni, kazini pale mwaka wa nane. Mimi namwita Mama, yeye ananiita mwanangu, na usiku tukibaki wawili tulizungumza Kiswahili mpaka Uingereza ikasahaulika. Yeye alikuwa juu, mimi chini.

Saa tisa na dakika sita, mzee wa chumba namba 7 akaamka na njaa. Alikuwa mwalimu mstaafu, mwembamba, miguu bado mizima, na wala hakutaka kumsumbua mtu. Akajipenyeza kwenye jiko dogo la pale chini, akatia slesi mbili za mkate kwenye tosta, akazungusha kitufe mpaka mwisho, akakaa kitini. Akasinzia.

Sijawahi kusikia kelele kama ile. Ving'ora vya korido nzima vililia kwa mpigo. Nikakimbilia jikoni, moshi mweusi, Mwalimu kaamka anaipepea tosta kwa gazeti. Nikachomoa waya, nikafungua dirisha, nikamtoa. Moto haukuwepo, ulikuwepo mkaa wa slesi mbili. Lakini sheria ni sheria: tukaanza kuwahamisha wazee nyuma ya milango ya kuzuia moto, mmoja kwa kigari, mwingine kwa fremu yake ya kutembelea, bibi mmoja akidai hatoki bila lipstiki.

Mama akanipigia kelele kutoka juu ya ngazi: "Mwanangu! Ushampigia bosi?"

"Bado, Mama! Mpaka iende ofu!"

"Ati nini?"

"Ofu! Nasubiri ofu!"

"Ala! Bosi yuko ofu? Basi muwate alale!"

Akarudi kwa wazee wake. Na ndivyo mtu pekee ambaye angeniokoa alivyoniacha, kwa sababu ya ofu ileile ya baba yangu na samaki wake.

Nikasimama mbele ya kisanduku, simu mkononi, namba ya bosi imeshatokea kwenye kioo, kidole juu ya kitufe. Taa zinamweka, ving'ora vinalia, na mimi natazama kwa makini isije ikazimika nisijue. Haikuzimika. Dakika kumi, haijazimika. Nikasema kimoyomoyo, alhamdulillah, leo angalau alamu yetu ni nzima.

Alamu ile huita zimamoto yenyewe. Walikuja wakichelewa kidogo kwa sababu barabara ilikuwa barafu tupu, wanaume wanne na mabuti yao. Mkubwa wao akainama sikioni kwangu, akapaza sauti kushinda kelele: "What time did it go off?"

Nikapaza na mimi: "Not yet!"

Akanitazama. Akakitazama king'ora kilichokuwa kinalia sentimita 30 juu ya kofia yake. Akanitazama tena, kisha akaenda kuzungumza na Mwalimu.

Walikagua jikoni, wakakagua vyumba, mmoja akabonyeza vitu kwenye kisanduku. Kimya. Kimya kile mtu unakisikia masikioni kama maji. Ilikuwa saa tisa na dakika thelathini na moja, na mimi sikupoteza hata sekunde. Nikapiga simu.

"Madam, the alarm has gone off."

Nikasikia kitanda kikilalamika. "Saa hizi?"

"Sasa hivi hivi, madam. Dakika hii."

"Wazee wako wapi? Mmewatoa?"

"Tunawarudisha vyumbani."

"Mnawarudisha VYUMBANI? Kwa nini?"

"Kwa sababu alamu imekwenda ofu."

Akavuta pumzi. "Nisikilize. Mzee hata mmoja asilale!"

"Wawili wameshalala, madam."

Simu ikakatika.

Anakaa mwendo wa dakika kumi na tano. Alitumia tisa, kwenye barafu, amevaa koti juu ya gauni la kulalia, miguuni ndara. Alipokata kona kuingia getini alikutana na gari la zimamoto linatoka, dereva akampungia mkono. Aliniambia baadaye kwamba alijua wameshindwa, wanaondoka.

Akaingia mbio. Akakuta korido tulivu, harufu ya mkate ulioungua, na Mama wa Mombasa kakaa kwenye kochi anapuliza chai.

"Alamu iko wapi?"

"Iko ofu," nikasema.

"Ulisema imekwenda ofu!"

"Ndiyo, madam. Imekwenda ofu, ndiyo maana sasa iko ofu."

Akakisogelea kisanduku, akasoma kioo. "Mbona hapa inaonyesha 03:06?"

"Hapo ilikuwa imekwenda on, madam. Ilikaa on dakika 25. Mimi mwenyewe niliisimamia."

Mama aliweka kikombe chini. Bosi alikaa kwenye ngazi na ndara zake zenye theluji, akashika uso kwa mikono miwili, na kwa muda mrefu sikujua kama analia au anacheka. Mwishowe akaomba chai. Nikampa. Maziwa nilikuwa nimeyanusa kwanza.

Usiku uliofuata Mwalimu aliniita chumbani kwake. Alijisikia na hatia, maana tosti ilikuwa yake na aibu ikawa yangu, akaamua kunilipa kwa somo. Alianza mbali, kama walimu wote. Akasema zamani off na of lilikuwa neno moja. Likitamkwa kwa nguvu likawa off, likitamkwa kilegevu likabaki of, na kwenye karne ya 17 ndipo tahajia ikayatenganisha kabisa. Maana yake ya asili ni kuachana na kitu, kwenda mbali nacho. Mtu wa ofu kaachana na kazi. Koti likiwa off limeachana na mwili. Maziwa yameachana na utamu wake. Pombe ya lile duka inaachana na duka kabla ya kunywewa.

Nikamwambia Mwalimu, hayo nakubali. Sasa alamu inapolia imeachana na nini? Kwetu alamu inalia, kama mtoto. Bomu linalipuka. Taa inazimika. Nyinyi vyote mnasema vimekwenda ofu, kinachoanza kelele na kinachonyamaza!

Akafikiri. Akasema fikiria bunduki: ukivuta, risasi inaachana nayo, ndiyo "goes off".

Bunduki sina uzoefu nayo, lakini hapo nikamkumbuka mjomba wangu wa Muheza na mitego yake ya panya. Mtego ukiwa umetegwa, umekaza, umenyamaza, na ndipo uko kazini. Panya akigusa chambo, pwa! Unaachia. Hatusemi umewaka, hatusemi umezimika. Tunasema umefyatuka. Nikapiga kofi kwenye trei ya dawa kumwonyesha, bibi wa chumba cha pili akagonga ukuta.

"Fyatuka," nikasema. Alamu ilifyatuka! Neno nilikuwa nalo siku zote, tangu Muheza, limelala kwenye ghala la mjomba.

"Fiatuka," akasema Mwalimu, kama aina ya gari. Akafurahi mno. Akauliza kama neno hilo lina maana nyingine. Nikamwambia wapo wanaofyatua matofali, wapo wanaofyatua maneno, na wapo wanaofyatua watoto kila mwaka, halafu nikaona niishie hapo, maana nilianza kujisikia vibaya kwa kuwalaumu Waingereza. Naye ndipo akapata moto: ofu si kitu, akasema, ngoja uione "set", kamusi kubwa ya Oxford ya 1989 iliipa maana zaidi ya 400. Nikasimama. Nikamuuliza kama anataka kitu jikoni, nimletee mimi.

"No, thank you," akasema. "I've gone off toast."

Nilibaki mlangoni. Imemfyatukia, imemchacha, au ameizima? Ilibidi arudie mara mbili kwamba hana hamu nayo tena.

Jumatatu bosi alibandua ile karatasi ya ukutani, akaandika nyingine, na akanisomesha kabla hajaibandika ili awe na uhakika: IF THE ALARM RINGS, RING ME. Nikamwambia hii haina mushkeli hata kidogo. Wiki ile akaja kijana mpya, mgeni kama mimi, hajamaliza hata mwezi Uingereza. Usiku wake wa kwanza nikamkuta amesimama mbele ya kisanduku, kainamisha shingo, anasoma kwa kidole.

"Kaka," akaniuliza kwa Kiingereza chake, "alamu ikipiga simu, mimi nimpigie nani?"

Nikavuta viti viwili.