Mbunge wa Dola 100 kwa Mwaka, Mnamtaka Kweli?

Kila bajeti ikikaribia lazima irudi ile meseji ya New Hampshire kwenye magrupu ya WhatsApp, kwamba kule Marekani kuna wabunge wanalipwa dola 100 kwa mwaka, narudia KWA MWAKA, halafu chini yake picha za mashangingi ya wabunge wetu na viemoji vya kulia. Watu wanaforwadi tu. Sasa habari yenyewe ni ya kweli, sibishi, tangu 1889 katiba ya lile jimbo inasema mbunge apewe dola 200 kwa kipindi cha miaka miwili na mpaka leo hawajaigusa. Ninachobishana nacho ni zile "amina" zinazofuata, eti huo ndio uongozi wa kujitolea, na sisi tuige.

Tuelewane kwanza, hapa sizungumzii Congress ya Washington, lile bunge la nchi nzima. Kila jimbo kati ya yale 50 lina bunge lake, na hao wabunge wakijumlishwa ni zaidi ya 7,300. Shule, magereza, leseni za udereva, kodi, sheria za uchaguzi, hata ramani ya nani anapigia kura Congress wapi, sehemu kubwa ya hayo ni wao. Na tangu Juni 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani ilipofuta haki ya kutoa mimba ya nchi nzima, hilo nalo wakarudishiwa wao. Ni watu wenye nguvu kubwa sana ambao Mmarekani wa kawaida ukimsimamisha barabarani akutajie jina la wa kwake atakuangalia tu.

Sasa New Hampshire. Watu kama milioni moja na laki nne, baraza la chini peke yake lina wabunge 400. Mbunge wa kawaida hana ofisi yake, hana msaidizi, anachorudishiwa ni hela ya mafuta ya kwenda na kurudi Concord, makao makuu ya jimbo. Jiulize nani anaweza kuacha kazi siku za katikati ya wiki, miezi kibao, kwa hela ambayo haitoshi hata matairi. Jibu ni mstaafu mwenye pensheni yake, mwenye biashara inayojiendesha, mwanasheria anayejipangia ratiba, au mtu ambaye mwenzake ndiye analeta mkate nyumbani. Mhudumu wa supamaketi hayumo. Ndio najua mtaniletea Safiya Wazir, yule mama kijana aliyekuja kama mkimbizi kutoka Afghanistan na akashinda kiti 2018, na ni kweli, nampa heshima zake, lakini dada yule alikuwa anakaa Concord hapo hapo bunge lilipo, sio mtu wa kuendesha saa moja na nusu kwenye barafu.

Texas ndio inanichekesha zaidi. Jimbo lenye uchumi mkubwa kuliko nchi nyingi duniani, mbunge wake analipwa dola 600 kwa mwezi, yaani 7,200 kwa mwaka, plus posho ya zaidi ya dola 200 kwa siku bunge likiwa linakaa, na linakaa siku 140 tu kila baada ya miaka miwili. Julai 2025 gavana wao Mrepublican, Greg Abbott, akaitisha kikao maalum, chama chake kikataka kuchora upya ramani ya viti vya Congress kipate vitano zaidi, Agosti Wademocrat zaidi ya 50 wakatoroka jimbo, wengi kwenda Illinois, ili akidi isitimie, maana inatakiwa wawepo wabunge 100 kati ya 150. Kanuni za bunge wakati ule zilisema ukitoroka hivyo faini ni dola 500 kwa siku. Piga hesabu hapo, faini ya siku moja inakaribia kumeza mshahara wa mwezi mzima! Walikaa huko kama wiki mbili wakarudi, na ramani ikapita. Kwa mshahara ule, kugoma kunamfaa mwenye akiba au mwenye watu nyuma yake wa kumchangia, asiyenavyo atakaa kitini apige kura kichwa chini.

Halafu kuna hili ambalo meseji za WhatsApp hazisemi. Mbunge asiye na msaidizi, bunge lenyewe la miezi michache, meza imejaa miswada mamia, unafikiri nani anamwelezea kilichomo? Watu wa lobi, wale wanaolipwa kuwashawishi wabunge. Hao hawana part-time, wao wapo mwaka mzima, wana data, wana wanasheria, wana na chakula cha jioni. Kuna taasisi inaitwa ALEC ipo tangu 1973, inakutanisha wabunge wa majimbo na makampuni, wanatengeneza miswada ya mfano, mbunge anaenda nayo kwao anabadilisha jina la jimbo anaiwasilisha. 2019 waandishi wa habari wa kule walifanya uchunguzi wakakuta miswada kama 10,000 ndani ya miaka minane iliyonakiliwa karibu neno kwa neno kutoka kwenye sampuli za makundi kama hayo, ya kulia na ya kushoto. Kwa hiyo mshahara analipwa mtu, ila sio yule uliyempigia kura.

Obama mwenyewe, ambaye huku tunamjua kuanzia Ikulu kwenda mbele, alitokea huko huko, Seneti ya Illinois, yaani baraza la juu la bunge la jimbo lile, 1997 mpaka 2004. Na aliingia kwa siasa ambazo mtu wa kwetu anazielewa bila mkalimani: 1996 watu wake walienda kukagua sahihi za wadhamini wa wapinzani wake wa kura za maoni, moja moja, zikaonekana hazitoshi, majina yote yakakatwa, hata la Alice Palmer aliyekuwa anakikalia hicho kiti, jamaa akabaki peke yake kwenye karatasi. Baada ya hapo ni Springfield, bunge la jimbo lilipo, zaidi ya kilomita 300 kutoka Chicago, familia imebaki nyumbani, jioni poka na wabunge wenzake, na chama chake kilikuwa cha wachache mpaka 2003 kwa hiyo kupitisha kitu ilikuwa mbinde. Ubunge wenyewe aliuchanganya na uwakili na kufundisha sheria Chuo Kikuu cha Chicago.

2000 akagombea Congress, Bobby Rush aliyekuwa anakikalia kiti akamgaragaza kama mara mbili kwa moja. Agosti ya mwaka huo akaenda Los Angeles kwenye mkutano mkuu wa chama, anafika sehemu ya kukodi gari kadi yake inagoma (hii kaisimulia mwenyewe), ukumbini hana pasi ya kukaa na wajumbe, hotuba anaziangalia kwenye skrini, akaona isiwe tabu akaondoka kabla mkutano haujaisha. Seneta wa jimbo huyo, mwenye shahada ya sheria ya Harvard! Julai 2004 akasimama Boston, kwenye mkutano mkuu mwingine wa chama, akatoa ile hotuba iliyomfungulia dunia, na siku ile cheo chake kilikuwa bado kile kile. Katikati hapo kilichobadilika ni chama chake kupata wengi 2003, rais wa seneti Emil Jones akaanza kumpa miswada mizito aibebe, ukiwemo ule wa kulazimisha polisi kurekodi mahojiano ya watuhumiwa wa mauaji. Alivumilia miaka yote ile kwa sababu alikuwa na taaluma mbili za kumlisha na mke mwenye kazi nzuri. Ambaye hana hivyo vitu angerudi nyumbani siku ile kadi ilipogoma na tusingemsikia tena.

New York wao wamechagua njia nyingine, dola 142,000 kwa mwaka tangu 2023, kubwa kuliko majimbo yote. Ndipo alipopitia Zohran Mamdani, kazaliwa Kampala 1991, baba yake Profesa Mahmood Mamdani aliwahi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 70. Alikuwa mshauri wa watu wanaokaribia kunyang'anywa nyumba kwa madeni, 2020 akamwangusha mbunge aliyekuwepo pale Astoria, 2021 akagoma kula siku 15 pamoja na madereva teksi waliozama kwenye madeni, na Novemba 2025 akachaguliwa meya wa jiji zima. Mtasema wazazi wake wanajiweza, sawa, ndio, na sheria alizopitisha Albany, bunge la jimbo lilipo, ni chache. Lakini mshahara ule ulimwezesha kufanya ubunge kama kazi, sio kama hobi.

Na kabla hamjanirukia: Sheldon Silver. Spika wa hiyo hiyo New York kuanzia 1994, miaka zaidi ya 20, akafungwa kwa rushwa, akafariki 2022 akiwa bado anatumikia kifungo. Mamilioni yake yalipitia kampuni za mawakili kama "ada", na wakati ule kuwa na kazi ya pembeni ilikuwa ruksa kabisa. Ndio maana sheria iliyopandisha mshahara iliweka na kikomo cha dola 35,000 kwa kipato cha nje. Mimi hapo naunga mkono mia kwa mia, lipa vizuri halafu funga mlango wa pembeni. Ukilipa tu bila kufunga ni upuuzi, ukifunga bila kulipa utabaki na matajiri watupu.

Minnesota wako katikati, dola 51,750 kwa bunge linaloanza Januari au Februari na kuisha Mei. Novemba 2024 Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alishinda kiti pale, na Wakenya wa kule wengi wanapiga shifti kwenye mahospitali na nyumba za wazee. Kwa hela hiyo mtu wa shifti anaweza angalau kukaa na familia yake wakapiga hesabu kama inawezekana agombee. Kwa ile ya New Hampshire hicho kikao cha familia hakiitishwi kabisa.