Anayeuliza saa za kazi kwenye usaili si mvivu

Usaili ukielekea ukingoni, jopo huuliza: "Una swali lolote kwetu?" Hapo wasailiwa wengi humeza swali walilokuja nalo, la saa za kazi, wikendi na likizo. Wameonywa mara nyingi kwamba anayeulizia mapumziko kabla hajapata kazi ataonekana mvivu. Onyo hilo lina sababu zake, lakini limewanyamazisha watu wasiostahili kunyamazishwa.

Upande wa jopo kwanza. Msaili ana dakika 30 au 45 kwa kila mtu, na ndani ya muda huo anataka kujua kama mtu huyu anaiweza kazi na kama anaitaka. Swali la kwanza la msailiwa likiwa la siku za mapumziko, msaili atalitumia kupimia hamu yake, kwa kuwa kipimo kingine hana. Zipo pia kazi ambazo ratiba yake hailegei: uuguzi wa zamu, uhasibu wakati wa kufunga hesabu za mwaka, ufundi wa mitambo isiyozimwa. Meneja wa idara ya namna hiyo anamwogopa mtu atakayeacha kazi mwezi wa pili, na hofu yake ni ya haki. Ila anayeacha kazi mwezi wa pili mara nyingi ni yule aliyeingia bila kujua ratiba. Swali ambalo jopo linalikunjia uso ndilo lingewaepusha wote wawili na hasara hiyo.

Na hasara ya saa nyingi za kazi inahesabika. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio ya pamoja kwamba mwaka 2016 vifo vipatavyo 745,000 vya kiharusi na ugonjwa wa moyo vilitokana na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Ikilinganishwa na wiki ya saa 35 hadi 40, hatari ya kupata kiharusi ilikuwa juu kwa asilimia 35 hivi, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17. Wengi wakisikia saa 55 humfikiria mtu anayelala ofisini. Hapana. Ni kuingia saa 2 asubuhi, kupumzika saa moja mchana na kutoka saa 2 usiku, siku tano. Au ni saa 9 kila siku ya kazi, kisha saa 5 Jumamosi na 5 Jumapili za kujibu barua pepe na kumalizia ripoti. Mtu huifikia idadi hiyo bila kujua kwamba ameifikia.

Sasa igeuze iwe pesa. Kwa mshahara uleule, anayetoka saa 40 kwenda saa 55 analipwa pungufu kwa asilimia 27 kwa kila saa. Mwajiri mpya akikuongezea asilimia 20 huku akikupandisha hadi saa 55, kila saa yako imeshuka thamani kwa karibu asilimia 13, ingawa hati ya mshahara itaonyesha umepanda. Saa hizo 15 za ziada, kwa wiki 48 za kazi, ni saa 720, yaani wiki 18 nzima za saa 40. Hakuna anayemwita mvivu mtu anayebishania nyongeza ya asilimia 5. Kwa nini basi aitwe mvivu anayeulizia wiki 18?

Kinachoharibu mara nyingi ni namna ya kuuliza. "Uwiano wa kazi na maisha ukoje hapa?" ni swali linaloomba sifa, na jibu lake linajulikana: "Tunaujali sana." Uliza kuhusu matukio. "Wiki iliyopita watu wa timu hii waliondoka saa ngapi?" "Mara ya mwisho mtu kuitwa kazini wikendi ilikuwa lini, na kwa jambo gani?" "Zamu ya dharura inamfikia kila mtu mara ngapi kwa mwezi, na inalipwa vipi?" "Tarehe za kukabidhi kazi anapanga nani?" Msaili akijibu "inategemea", uliza inategemea nini. Jibu zuri lina siku na idadi ndani yake. Wajumbe wa jopo wakitazamana kabla ya kujibu, nalo ni jibu.

Mtu wa kuulizwa naye ana uzito wake. Afisa utumishi muulize yaliyoandikwa: saa rasmi, siku za likizo, malipo ya saa za ziada. Yanayotendeka anayajua meneja utakayekuwa chini yake, na muulize baada ya kuzungumza naye kwa kina kuhusu kazi yenyewe. Ukipata nafasi ya kukutana na mtakaofanya kazi pamoja, rudia swali lilelile neno kwa neno, kisha linganisha majibu. Usieleze sababu za kifamilia. Nchi nyingi zinakataza kumbagua mwombaji kwa ajili ya ujauzito, lakini ukishasema mwenyewe, huwezi kuzuia habari hiyo isimfuate msaili hadi kwenye maamuzi yake.

Asiye na kazi kabisa, aliyemaliza akiba, hawezi kubeba hatari sawa na mwenye kazi anayetafuta nyingine, na kumhimiza aulize kila kitu siku ya kwanza ni kumkosea. Yeye asubiri barua ya ajira, lakini aulize kabla ya kusaini, kwa maana hapo mwajiri ameshamchagua na hapendi kuanza upya. Aisome sehemu ya saa za kazi taratibu. Akikuta maneno kama "na saa nyingine kadiri kazi itakavyohitaji", aombe kwa barua pepe fupi: "Kwa kawaida hizi huwa saa ngapi kwa mwezi, na zinalipwa au kufidiwa kwa siku za mapumziko?" Jibu likija, alihifadhi pamoja na mkataba.