Ukali wa mafundi wa mtandaoni: nani anamkosea nani?

"Programu imegoma kufunguka. Naomba msaada wa haraka." Swali la namna hii likiwekwa mahali wanapokutana wataalamu wa kompyuta, jibu la kwanza huwa fupi: "Toleo gani? Ujumbe wa kosa unasemaje? Umesoma maelekezo?" Baada ya majibizano machache programu imeshasahaulika na watu wanavunjiana heshima. Aliyeuliza anaondoka akisema wataalamu wana majivuno. Aliyejibu anabaki akisema watu wanataka kutafuniwa kila kitu. Kila mmoja ana hoja, na ndiyo maana ugomvi huu hauishi.

Nianze na anayejibu, kwa sababu ndiye anayelaumiwa zaidi. Mara nyingi halipwi. Anasoma maswali baada ya kazi yake mwenyewe, na mengi ameshayaona. Akiambiwa tu kwamba programu imegoma, hana pa kushika: huenda faili limeharibika, huenda kumbukumbu imejaa, huenda mtumiaji hana ruhusa, huenda toleo halipatani na mfumo. Kwa mwenye tatizo, yote hayo yana sura moja. Kwa anayejibu, kila moja lina tiba yake, na bila kuona ujumbe wa kosa anabaki kubahatisha. Anapodai maelezo, anafanya kazi yake.

Tena jibu la hadharani si la mtu mmoja. Joel Spolsky na Jeff Atwood walipoanzisha Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandishi wa programu, mwaka 2008, walikusudia swali na jibu vibaki mahali ambapo mwingine mwenye shida hiyo atavikuta kwa kutafuta. Ndiyo maana maswali yanayojirudia hufungwa na yasiyoeleweka hurudishwa kwa mwenyewe ayarekebishe. Utaratibu huo nautetea. Bila huo, majibu mazuri yangezama chini ya maelfu ya maswali yaleyale.

Uhasama nao hautoki upande mmoja. Mwaka 2022 Lasse Collin, mtunzaji wa xz Utils, programu ndogo ya kubana mafaili inayotumika katika kompyuta nyingi zinazoendeshwa na mfumo wa Linux, aliandamwa na watu waliolalamika kwamba anachelewesha mabadiliko. Akawaeleza waziwazi kwamba ana matatizo ya muda mrefu ya afya ya akili, na kwamba mradi huo anaufanya bila malipo. Hawakumwonea huruma. Mmoja alisisitiza kwamba mradi utafutiwe mtu mwingine. Baadaye Collin alimpa madaraka msaidizi aliyejitambulisha kwa jina la Jia Tan. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aligundua kwamba kuingia kwenye kompyuta iliyo mbali kwa SSH, njia salama ya kufanya hivyo, kunachukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida. Alipofuatilia, akakuta mlango wa siri, wa kumwingiza asiyeruhusiwa, umepandikizwa ndani ya xz kupitia akaunti ya huyo Jia Tan. Wachambuzi wengi wanaamini kwamba hata baadhi ya wale walalamikaji walikuwa akaunti za kubuni, zilizowekwa ili kumchosha mtu aliyekwisha kuchoka. Kwangu mimi hapa ndipo hoja ya "mteja ana haki ya kukasirika" inapoanguka. Huyu hakuwa na wateja. Alikuwa na watu wanaotumia jasho lake bure.

Hata hivyo, mkae pia upande wa anayeuliza. Kabla hajaandika neno, huenda ameshahangaika nusu siku, amefuta programu na kuisakinisha upya, amejaribu ushauri alioukuta kila mahali. Hayo hayaandiki, maana haoni kama yana maana. Kuambiwa alete taarifa zinazohitajika ni kumtaka ajue tayari zipi zinahitajika, na angejua hilo pengine asingeuliza. Kuambiwa asome maelekezo kunamkera zaidi, kwa kuwa maelekezo mengi yameandikwa na waliokwisha kuelewa kwa ajili ya waliokwisha kuelewa. Na kama anauliza kwa lugha aliyojifunzia darasani, ombi lake linaweza kutoka kama amri bila yeye kukusudia.

Chukua mfano wa mtu anayeuliza jinsi ya kuifanya seva, yaani kompyuta inayohudumia nyingine, ijizime na kujiwasha kila usiku. Anajibiwa: "Kwa nini unataka kufanya hivyo?" Anayejibu amehisi kuna tatizo nyuma ya tatizo: labda kuna programu inayokula kumbukumbu mpaka mashine inazidiwa, na kuzima kila usiku kutaficha ugonjwa tu. Swali lake ni zuri kabisa. Lakini aliyeuliza anasoma dharau, anaanza kujitetea, na mwenzake anaona amekutana na mbishi. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya.

Mwaka 2005 watafiti wa saikolojia Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao walichapisha majaribio kuhusu jambo hili. Watu waliandika sentensi, nyingine kwa uzito na nyingine kwa kejeli, wakakadiria kwamba wasomaji wa barua pepe watatofautisha kwa usahihi wa takriban asilimia 78. Wasomaji walifikia asilimia 56, wakati kubahatisha tu kungewapa 50. Aliyeandika anaisikia sauti yake mwenyewe kichwani, na hadhani kwamba haikusafiri pamoja na maneno.

Kwa hiyo naupa lawama kubwa zaidi upande wenye ujuzi, si kwa sababu ni mkali, bali kwa sababu umezoea kuchanganya ukali wa kazi na dharau kwa mtu. "Soma maelekezo" na "Tazama sehemu ya ruhusa za mafaili kwenye maelekezo, ukikwama, bandika ujumbe wa kosa kama ulivyo" yanatofautiana kwa sekunde chache za kuandika. La pili halijalegeza sharti lolote. Wanaosema heshima itashusha ubora waitazame Linux: Septemba 2018 mwanzilishi wake Linus Torvalds, aliyejulikana miaka mingi kwa matusi yake, aliomba radhi na kukaa pembeni kwa muda, na toleo la 4.19 likatoka Oktoba hiyohiyo likisimamiwa na mtunzaji mwenzake Greg Kroah-Hartman. Stack Overflow nao walikiri mwaka huohuo kwamba wageni wengi hawajioni wamekaribishwa.

Anayeuliza naye ana deni, na hulipa kwa nadra. Wapo wanaopata suluhisho, wakaandika "Imeshatatulika, asanteni," wakapotea bila kueleza walichofanya. Kwa wanaojitolea, hilo linauma kuliko swali baya.

Tangu ChatGPT, programu ya akili bandia inayojibu maswali, itoke Novemba 2022, maswali kwenye Stack Overflow yamepungua mno, na sishangai: mashine haimkaripii mtu. Lakini mazungumzo na mashine hubaki ya faragha. Mwingine akikumbwa na kosa lilelile hatayakuta kwa kutafuta, hata kama jibu lilikuwa sahihi. Na mashine hizo zilijifunza sehemu ya ujuzi wao kutokana na majibu ya hadharani ya watu haohao waliokuwa wakigombana.