Wapinzani Wachache? Semeni Basi Ni Nani Aliyewapunguza

Kuna maneno yamenikaa rohoni, nisipoyaandikia hayatanitoka. Oktoba 2025 Beatriz Mesquita alipigana pambano lake la kwanza UFC, ligi kubwa ya mapigano mchanganyiko, tena Rio de Janeiro, mji aliozaliwa. Akamaliza kazi raundi ya pili kwa kabari ya nyuma, yaani kumkaba mpinzani shingo kutoka mgongoni. Watu wakashangilia, video zikasambaa, na kila aliyemtambulisha akataja alikotoka: jiu-jitsu, mchezo wa kukabana mkekani, bingwa wa dunia mara 10. Hapo wakaibuka wale ambao hawakosekani. Eti kwa wanawake mataji ni rahisi, kwa sababu wapinzani wenyewe ni wachache.

Hoja hiyo huja kila mara bingwa wa kike anaposifiwa, na huja kwa sauti ya mtu anayedhani amegundua siri.

Nianze na kabari yenyewe. Ukiitazama haraka utadhani ni nguvu za mkono. Sivyo. Kabla mkono haujafika shingoni, visigino vimeshaingia ndani ya mapaja ya mpinzani, kifua kimegandamana na mgongo wake, mkono mmoja umepita juu ya bega na mwingine chini ya kwapa. Kisha vinaanza vita vya vidole. Anayekabwa anashika mkono unaomtafuta, anayekaba anaiondoa mikono hiyo mmoja baada ya mwingine, bila haraka, hadi kidevu kibaki hakina mlinzi. Kiwiko kikishatua chini ya kidevu, mishipa ya damu ya pande zote mbili za shingo inabanwa, na hapo kilichobaki ni sekunde chache tu: ugonge, yaani ukubali kushindwa, au uzimie. Mesquita amefanya hivyo kwa miaka mingi, kwenye pambano la dakika 10, zile zile za wanaume wa mkanda mweusi, yaani wa ngazi ya juu, dhidi ya watu waliojua fika anakuja mgongoni. Idadi ya waliojiandikisha haimsaidii mtu kuushinda ule mkono.

Lakini sawa, tuizungumzie hiyo idadi. Nakubali kwa shingo upande: ndiyo, wanawake walikuwa wachache. Kwa miaka mingi mashindano ya dunia yaliwapiganisha wenye mikanda ya kahawia na myeusi pamoja, kwa kuwa kila kundi peke yake lilikuwa dogo. Hilo ni kweli. Kinachonichoma ni watu kulitaja kana kwamba ni tabia ya maumbile, kana kwamba wanawake wa Brazil waliulizwa wakasema hawataki.

Hawakuulizwa. Mwaka 1941, chini ya Rais Getúlio Vargas, Brazil ilitoa amri iliyowakataza wanawake michezo iliyodaiwa kutopatana na maumbile yao. Mwaka 1965 baraza la michezo la taifa likaona amri ile haijanyooka vya kutosha, likaitaja michezo kwa majina: mieleka na mapigano ya aina yoyote, mpira wa miguu, raga, polo ya majini, kunyanyua vyuma. Katazo hilo lilidumu hadi 1979. Hesabu mwenyewe. Wakati ukoo wa Gracie, waasisi wa jiu-jitsu ya Kibrazili, unajenga jina lake, wakati wanaume wa Rio wanarithishana mbinu baba kwa mwana na mwalimu kwa mwanafunzi, binti aliyetaka kushindana alikuwa anazuiwa na serikali.

Mwaka huo huo wa 1979 wanajudo wanne wa kike walipelekwa kwenye mashindano ya Amerika Kusini kule Uruguay, wakiwa wameandikishwa kwa majina ya kiume. Wakapigana, wakarudi na medali. Kisa hicho huwa kinanisimamisha. Watu wazima, wanamichezo waliojituma, wanavuka mpaka kwa jina la kubandika ili waruhusiwe kukanyaga mkeka, halafu miaka arobaini na kitu baadaye mtu anasema kwamba wanawake hawakujitokeza.

Yvone Duarte alijitokeza. Mwaka 1985 yeye na wenzake waliwaandikia viongozi wa mchezo Rio wakidai kitengo cha wanawake kwenye mashindano. Kuandika barua kuomba ruhusa ya kushindana! Kitengo kikapatikana, akashindana, akashinda. Mwaka 1990 mwalimu wake, Osvaldo Alves, akamfunga mkanda mweusi, na anatambuliwa kuwa mwanamke wa kwanza duniani kuupata katika jiu-jitsu ya Kibrazili. Mwaka 1990, jamani. Wengi tunaosoma hapa tulikuwa tumeshazaliwa.

Na hata baada ya hapo mlango ulifunguliwa nusu. Mashindano ya dunia ya IBJJF, shirikisho la kimataifa la jiu-jitsu, yalianza 1996, wanawake wakaingizwa 1998. ADCC, mashindano makubwa ya kukabana bila vazi la jiu-jitsu, ilianza 1998, wanawake wakasubiri hadi 2005. Kyra Gracie, aliyeshinda ADCC 2005, 2007 na 2011, amesimulia jinsi ndani ya ukoo wake mwenyewe, ukoo ulioupa mchezo huu jina, haikutarajiwa kwamba msichana atashindana. Ikiwa nyumbani kwa kina Gracie hali ilikuwa hiyo, msichana asiye na jina hilo angeanzia wapi?

Angeanzia kwa Letícia Ribeiro, pengine. Letícia ni wa kizazi cha kwanza cha mabingwa wa dunia wa kike, na ndiye aliyemlea Mesquita kimchezo hadi mkanda mweusi. Hili naliona kubwa kuliko yale mataji 10. Kabla ya kizazi cha Letícia, mwanamke mwenye kipaji mara nyingi alikuwa anafundishwa na watu ambao hawajawahi kupigana kwenye kitengo chake hata siku moja. Mesquita ni miongoni mwa wa kwanza waliokuwa na bingwa wa kike kwenye kona yao. Ndiyo maana mbinu zake hazina mapengo: alikuta njia imeshasafishwa, akakimbia.

Nimeona mkekani jambo ambalo yeyote anayefanya mazoezi ya wanaume na wanawake pamoja atalitambua. Mwanamume akikamatwa vizuri na mwanamke mwepesi kuliko yeye kwa kilo 20, mara nyingi hagongi mapema kama anavyogonga kwa wanaume. Anakaza shingo, anakunja uso, anasukuma kwa nguvu zote, na mazoezi yanageuka ugomvi. Mwanamke yule akirudi kesho, na keshokutwa, na mwaka ujao, ni kwa sababu ana moyo ambao sisi wengine hatukuhitaji kuwa nao. Wangapi hawakurudi? Nao wamo kwenye hiyo idadi ndogo mnayoipigia kelele.

Halafu tazameni kilichotokea mlango ulipoongezwa upana kidogo. Kwa miaka mingi ADCC iliwapa wanawake madaraja mawili tu ya uzani, chini ya kilo 60 na juu yake, huku wanaume wakiwa na matano. Mwaka 2024 daraja la tatu likaongezwa, na shindano la uzani huria la wanawake, lisilojali kilo, likarudi. Adele Fornarino wa Australia akaingia kwenye daraja dogo kuliko yote, chini ya kilo 55, akalishinda. Kisha akaingia uzani huria, na watu wakubwa kwake, akalishinda na hilo. Daraja ambalo kwa miaka yote hiyo halikuonekana la lazima ndilo lililomtoa bingwa wa wote.

Fedha sitazisemea sana maana zinanitia hasira isiyo na faida. Mwaka 2022 Ffion Davies wa Wales alipotwaa taji la chini ya kilo 60 la ADCC, zawadi ya bingwa wa kike ilikuwa dola 6,000. Bingwa wa kiume wa daraja lolote alipata 10,000. Mkeka ule ule, sheria zile zile. Anayeamini kwamba wanawake ni wachache mno aanze kwa kulikumbuka pengo la mwaka ule la dola 4,000, kisha awaandikie waandaaji popote pengo kama hilo lilipobaki, kama Yvone Duarte alivyowaandikia wa Rio mwaka 1985.