Nani kasema nimeshuka?

Swali hili naulizwa kila nikivuka kwenda Unguja, na wanaouliza ni watu wanaonipenda. Tumekaa barazani, kahawa imeshazunguka mara mbili, kashata zimebaki vumbi, ndipo mtu mzima mmoja anaponigeukia: "Hivi wewe, ufundi wote ule wa fidla, ndiyo umeshukia kwenye singeli?" Neno halibadiliki. Kushuka. Kana kwamba kuna nyumba ya ghorofa, taarab asilia iko juu inapunga upepo wa bahari, singeli iko uani na vumbi la Manzese, na mimi nimeteleza kwenye ngazi.

Miaka yote nimekuwa nikicheka na kuagiza kahawa nyingine. Leo najibu, tena kwa urefu, kwa hiyo mwenye haraka aondoke sasa.

Fidla nilianza nikiwa na miaka 11. Mwalimu wangu alikuwa mzee wa klabu ya taarab, na alinifundisha kwa sikio: yeye anapiga, mimi nafuata, nikikosea ananyoosha mkono na kuushika upinde wangu bila kusema neno. Noti za mistari mitano nilikuja kuzijua baadaye, darasani, pamoja na mazoezi ya vidole ya Kizungu yasiyokwisha. Lakini kilichonikaa mwilini ni somo la mwaka wa pili: bayati, mojawapo ya maqamu, yaani mipangilio ya sauti tuliyoipata kwa Waarabu. Ukianzia re, sauti ya pili ya bayati si mi ya piano, wala si ile mi iliyoteremshwa nusu. Inakaa kati yao, mahali ambapo piano haina kitufe. Wiki tatu nzima niliziacha kwenye sauti hiyo moja. Kidole kikipanda unywele, mzee anakunja uso kama aliyetafuna ndimu. Kikiteremka unywele, uso ule ule. Siku kilipokaa alisema, "Hapo," akaondoka zake kwenda kuswali alasiri.

Dar es Salaam nilikuja kutafuta maisha kama wengine. Nimepiga harusini, nimepiga hotelini watalii wakila kamba, nimerekodi fidla kwenye nyimbo za bongo fleva ambazo nyingine malipo yake nayasubiri mpaka leo. Kazi mojawapo ndiyo ilinipeleka kwenye studio ya uswahilini, chumba kimoja cha kupanga. Kompyuta ilikuwa imevuliwa kifuniko, na feni ya mezani ilikuwa inaipuliza yenyewe huku sisi tunatoka jasho. Godoro la sponji lilibanwa ukutani ili sauti isitoke. Sauti ilikuwa inatoka. Prodyuza, kijana wa miaka 19, alikuwa anacheza na kipande fulani, na nilipovuka kizingiti nikasimama. Nilikuwa nakijua. Ilikuwa kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa magotini, na fidla za taarab ya zamani, ila zimekuwa kama nyuki waliochokozwa.

Kwa asiyeijua singeli, nimpe picha. Kasi yake ni mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Hata moyo wa mtu anayefukuzwa na mbwa haufiki huko. Imezaliwa uswahilini Dar, na kaka yake mkubwa ni mchiriku, ule wa vinanda vidogo vya Casio na spika zinazokoroma. Mwanzoni MC walighani juu ya taarab yenyewe: unachukua ule utangulizi wa ala kabla mwimbaji hajaingia, unauzungusha bila kukatika, unauongezea kasi kwenye kompyuta, basi, biti unayo. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso, na Wazungu nao wakaanza kurukaruka. Ila vigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku kucha, vilikuwa vimesharuka zamani.

Sasa sikiliza kilichonishangaza. Yule kijana alikuwa ameongeza kasi kwa nusu ya ile ya awali. Wimbo ulioanzia re sasa ulikuwa unaanzia la. Kwenye fidla iliyofungwa kwa mtindo wa Ulaya hapo ni kuhama waya mmoja tu, kutoka wa re kwenda wa la, kidole kikibaki pale pale. Na bayati ilikuwa bado bayati, kwa sababu ukiongeza kasi namna hiyo kila sauti inapanda kwa kiwango kimoja na nafasi baina yao hazibadiliki. Ile sauti ya pili iliyonigharimu wiki tatu ilikuwemo, nzima, haijajeruhiwa. Nikamwambia, "Umeipandisha tano kamili," ndivyo shuleni tunavyoiita nafasi ya re hadi la. Akaniangalia kama niliyemsalimia kwa Kijerumani.

"Mwanangu, mimi nimesogeza tu mpaka ikakaa."

Mzee wangu ananiita mwanangu kwa umri. Huyu ananiita mwanangu kwa mtaa. Na wote wawili, nikaona, wanatafuta kitu kukaa.

Basi nikajitia singeli, na nikajitia kwa kiburi. Hili nalisema wazi kwa sababu wanaodhani shule inampa mtu njia ya mkato wanakosea. Biti yangu ya kwanza niliijaza kila nilichowahi kujifunza: fidla mbili zinazojibizana, maafikiano, yaani sauti zinazopigwa pamoja, yanabadilika kila mizani, sauti za besi zinatembea. Nilihesabu matabaka 14. DJ mmoja akakubali kuipiga kwenye kigodoro, saa nane za usiku, kati ya biti mbili za watu wanaojua kazi. Wanawake waliokuwa mbele, wenye kanga zimefungwa viunoni, wakacheza kama nusu dakika. Kisha mmoja akashika kiuno, akamtazama mwenzake. Kisha wakaenda kununua maji. Hakuna aliyezomea. Afadhali wangezomea.

DJ hakunigeukia. Alizima tabaka moja baada ya jingine mpaka ikabaki ngoma nzito ya chini na kipande cha fidla cha sekunde mbili, kinazunguka. Wale wa maji wakarudi.

Nyumbani nilichukua kalamu. Kwenye mapigo 240, pigo moja ni robo sekunde. Mizani ya mapigo manne inapita kwa sekunde moja. Mimi nilikuwa nabadilisha maafikiano kila sekunde nikidhani nawapa watu utajiri, kumbe nawamwagia mchele usoni. Sikio halina muda wa kupokea hayo. Linachopokea ni kitu kinachorudi, kinachorudi, kinachorudi, halafu kinageuka kidogo sana. Na mimi shule ilikuwa imenifundisha kuogopa kurudia. Mwanafunzi anayerudia kipande kile kile anaonekana ameishiwa. Sijui ni nani aliyelipanda hilo kichwani mwangu, maana bashrafu yenyewe, ile tunayofungulia taarab kwa heshima zote, ina kipande kinachorudi baada ya kila mzunguko na hakuna mzee aliyewahi kukilalamikia.

Halafu kuna kidumbak. Hapa ndipo ninapowashangaa wazee wangu wa barazani, maana wote wamekulia humo. Sanduku la majani ya chai limegeuzwa kifudifudi, limechomekwa fimbo na kuvutwa waya mmoja: hilo ndilo besi. Vidumbak viwili, ngoma ndogo za udongo, cherewa za kutikisa, mkwasa wa kugonga, na fidla moja inayobeba kila kitu. Alasiri ya harusi, nyimbo za taarab zinaunganishwa moja hadi nyingine bila kusimama, mwendo unaongezeka, akina mama wanakata viuno mpaka mpiga fidla shati linamgandia mgongoni. Nimepiga kidumbak tangu nina miaka 16 na hakuna aliyeniambia nimeshuka. Nyimbo zinazounganishwa bila pengo, kasi inayopanda, mchezaji ndiye anayeamua lini ubadilishe: niambieni DJ anafanya nini zaidi ya hapo. Sanduku limekuwa spika, ndiyo tofauti. Na umeme, ambao kwenye studio yetu uliwahi kukatika katikati ya kurekodi kwa sababu LUKU imeisha na kila mtu anamtazama mwenzake. Sanduku halina LUKU.

Tena hilo neno la kushuka lina historia ndefu hapa kwetu. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash alimpeleka mtu Cairo akajifunze kanuni. Taarab ikaanza kama starehe ya kasri. Klabu ya Nadi Ikhwan Safaa, iliyoanzishwa 1905, ilianza na nyimbo za Kiarabu. Kisha akaja Siti binti Saad, mtoto wa kijiji cha Fumba aliyekuwa akiuza vyungu, akaiimba kwa Kiswahili na kuipeleka Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida nje ya Mji Mkongwe, na mwaka 1928 sauti yake ikarekodiwa Bombay. Alikejeliwa kwa asili yake. Leo jina lake linatajwa kwa kunyanyukiwa. Miaka ya 1990 East African Melody walipoichangamsha taarab kwa vinanda vya umeme, tukasikia tena kwamba taarab imekufa. Imekufa mara nyingi sana hii taarab, na kila ikifa inafanya harusi.

Huko Ulaya nako mambo ni hayo. Karl Bartos alikuwa mwanafunzi wa ala za kupiga katika chuo cha Robert Schumann, Düsseldorf, kijana wa okestra kabisa, alipojiunga na Kraftwerk, kundi la Kijerumani la muziki wa umeme, mwaka 1975 na kuanza kugonga vibamba vya umeme kwa vijiti vya chuma. Mdundo wa wimbo wao wa namba, "Numbers", wa 1981 ulichukuliwa New York mwaka uliofuata na DJ Afrika Bambaataa, na vijana weusi wa Detroit waliokuwa wakiwasikiliza Wajerumani hao wakazaa tekno, muziki wa kucheza unaopigwa na mashine. Ninachompendea Bartos ni kwamba mafunzo yake huyaoni. Hakuna mahali anapokuonesha cheti. Unasikia tu kwamba kila pigo limewekwa na mtu aliyekwisha kupiga mapigo mengi na akajua yapi ya kuacha.

Kinyume chake ni mtindo wa kuiweka okestra nyuma ya DJ. Mwaka 2005 DJ Jeff Mills wa Detroit alipiga pamoja na okestra ya Montpellier pale Pont du Gard, Ufaransa, na toka hapo wengi wamefuata. Namheshimu Mills kuliko ninavyoweza kueleza. Ila ninapotazama tamasha za aina hiyo naona fidla nyingi zikifanya kazi ya pazia: zinapendeza, zinasogea, na ukiziondoa mchezo unaendelea. Ni tekno inayoomba ruhusa ya kuingia sebuleni. Kwangu mimi, kama fidla imo, iwe ndiyo inayowatoa watu jasho.

Kuna lawama moja ya wazee ambayo naikubali yote, nayo haihusu kushuka. Ni pesa. Vile vipande vya kanuni vinavyozungushwa usiku kucha vilipigwa na watu, na baadhi yao wako hai, wanakaa kwenye nyumba ambazo mvua inaingia. Hakuna anayewatafuta. Mimi siku hizi sikati kwenye kaseti ya mtu. Nikitaka kanuni, namwita mpiga kanuni, namlipa nauli ya boti na kazi yake, tunarekodi upya. Wenzangu wananicheka kwamba napoteza hela kwa kitu kilichopo bure, na kweli mwezi mwingine nalala na deni. Lakini mtu akija kuniambia singeli ni wizi, nataka niwe na la kumwambia.

Mwezi uliopita nilivuka tena. Safari hii nilikwenda moja kwa moja kwa mwalimu wangu. Macho hayaoni vizuri sasa, fidla yake iko juu ya kabati imefunikwa kitambaa. Nikamshikamoo, nikakaa, na baada ya kuulizana hali za watu wote wa mtaa nikatoa simu. Nilikuwa na biti mpya, mapigo 240, bayati, sehemu kubwa nimeipiga kwa kinanda, kile chenye vitufe vya kuteremsha sauti kwa robo. Nikamwekea simu sikioni. Aliisikiliza yote, dakika tatu na nusu, kidole chake kimoja kinagonga goti, si kila pigo, moja kati ya manne.

"Unakimbilia wapi, mwanangu? Harusi imeondoka?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Irudishe mwanzo."

Nikairudisha. Sekunde kumi hazikufika, akanyoosha mkono, kama zamani, akaushika wangu ulioshika simu.

"Hii ya pili umeiweka ya rasti." Rasti ni maqamu nyingine, nayo ina mi ya katikati kama bayati.

Nilimbishia. Kitufe ni hicho hicho, nikamwambia, kinateremsha senti 50, na nusu sauti nzima ni senti 100, kwa hiyo ni nusu ya nusu, barabara. Akasema kitufe hakijui kama uko kwenye rasti au bayati, ya bayati inakaa chini zaidi kidogo, na kama nimesahau nishushe ile fidla pale juu nimkumbuke aliponiambia "Hapo."

Usiku nikiwa kwenye boti ya kurudi nilifungua kompyuta magotini, nikavaa spika za masikioni, nikaanza kuiteremsha senti moja moja. Ilikaa kwenye ya 12.