Viazi tunapima, godoro tunaminya

Wiki iliyopita nimeambiwa dukani, pale Mwanjelwa, kwamba mume wa binti yetu ni mzito. Kijana mwenyewe mkimwona, upepo wa Agosti wa Uyole unaweza kumvusha barabara bila ridhaa yake. Lakini muuzaji alikaza uso akasema, "Mama, hili godoro halina shida. Labda bwana ni mzito. Au wanalala sehemu moja tu." Wanandoa wa miezi mitano, mwezi wa sita, Mbeya hii hii mnayoijua. Ulitaka walale sehemu ngapi?

Nirudi nyuma. Januari tulikuwa na sendofu ya binti wa kaka yangu. Sisi akina shangazi tukachangishana, tukampa kitanda cha mninga na godoro la 6 kwa 6, inchi 10, kitambaa cha maua ya dhahabu, na pembeni limeandikwa "othopediki" kwa mwandiko wa mapozi. Laki nne na nusu, baada ya kubembeleza sana. Siku ya shughuli MC akapandisha muziki, zawadi zikaanza kuingia kwa kucheza. Sufuria zikapita, vitenge vikapita, halafu likaingia godoro. Lilibebwa na kijana mmoja. Mmoja! Analo kichwani, mikono ameiachia, anakatika nalo mpaka mbele, anageuka, anachuchumaa nalo, anainuka. Ukumbi mzima ukasimama. Mimi nilipiga vigelegele hadi sauti ikakauka. Tukasema kijana ana nguvu.

Nguvu gani. Godoro ndilo lilikuwa halina kitu ndani.

Mwezi huu wa sita nikaenda kwao Iyunga kuwatembelea, nikalala huko. Asubuhi nikamsalimia binti kwa lugha ya nyumbani, "Ugonile," salamu ambayo ndani yake mna kulala. Badala ya kuitika akacheka lile cheko la mtu aliyechoka. "Kulala wapi, shangazi." Akanishika mkono akanipeleka chumbani, akavuta shuka. Katikati ya godoro kulikuwa na bonde. Ungeweza kulima mpunga pale, lilivyofanana na Usangu. Mwanamke analala ukingo wa kulia ameshika ubao wa kitanda asiteremke, mwanamume ukingo wa kushoto, alfajiri wanakutana bondeni bila kupanga.

Kubwa zaidi, akasema, ni baridi inayotoka chini. Nikafikiri ni masihara, lakini ana haki. Blanketi unajifunika juu. Chini yako kinachozuia baridi ni ile hewa iliyotulia ndani ya sponji, na sponji iliyokuwa chapati haina hewa ya kumzuilia mtu chochote. Watu wa Dar wanaweza kulalia chapati wakashukuru kwa kupata ubaridi. Huku kwetu usiku wa Juni na Julai unashuka chini ya nyuzi 10, asubuhi unaona pumzi yako kama moshi wa lori linalopanda Mlima Nyoka. Blanketi tatu juu na chapati moja chini, bado utatetemeka.

Basi tukarudi dukani na picha kwenye simu, tukajibiwa hayo ya uzito wa bwana. Waranti? Ipo, miaka kumi, imeandikwa kwa herufi za dhahabu kama maua yake. Ila haihusu "matumizi." Nikamuuliza, godoro lina matumizi gani mengine zaidi ya kulaliwa? Akaanza kupanga mito.

Nilitoka nimenuna. Jirani yangu ananunua viazi Uyole na kuvisafirisha, na nyumbani kwake hakukosekani mizani ya kuning'iniza. Sijui ni hasira au ni akili, nikamwambia lete mizani tupime godoro. Akacheka mpaka akakaa chini. Tukalikunja, tukalifunga kamba, tukalitundika kwenye mwembe wa barazani (mwembe wenyewe hauzai, baridi, lakini siku ile ulifaa). Kilo 13. Halafu kwa uchokozi tu nikatoa godoro langu mwenyewe, la 5 kwa 6, inchi 6, nililonunua mwanangu wa mwisho akiwa darasa la pili, na sasa anamaliza kidato cha nne. Kilo 12.

Hebu fanyeni hesabu na mimi, si ngumu. Futi 6 mara 6 mara inchi 10 ni 360. Futi 5 mara 6 mara inchi 6 ni 180. Yaani godoro la harusi ni kubwa mara mbili kamili ya godoro langu kuukuu, na limelizidi kilo moja. Kile kilichojaza hiyo nusu nyingine tulikilipia, na kilikuwa hewa ya Mbeya, ambayo tunayo bure.

Wanaojua sponji hawahesabu inchi. Wanauliza densiti, maana yake kilo ngapi zimo katika mita moja ya ujazo. Sponji ya godoro inaumuka kama unga wa maandazi: kemikali zinachanganywa na maji kidogo, gesi inatoka, mchanganyiko unapanda. Ukitaka upande zaidi kwa malighafi ile ile, unaongeza kinachoumusha. Nyie mnaokaanga maandazi mnajua lile andazi kubwa, zuri kwa macho, ukilibonyeza linanywea na kubaki ngozi. Kuta za vitundu vyake ni nyembamba, na kila usiku mwili unavivunja vichache palepale kwenye nyonga na mabega, mpaka bonde linapatikana.

Kujua densiti bila kumuuliza mtu: pima kilo za godoro, zidisha kwa 424, kisha gawa kwa ile namba ya futi mara futi mara inchi. Langu: 12 mara 424 gawa kwa 180, napata 28 na kidogo. La harusi: 13 mara 424 gawa kwa 360, kama 15. Toa kidogo kwa ajili ya kitambaa. Mimi kwa mtu mzima anayelala kila siku sinunui chini ya 25. Ya 15 ishoneeni mito ya sebuleni.

Sasa ndipo hasira yangu ilipo. Sisi watu wa nyanda hizi tumegombana na lumbesa, lile gunia linalojazwa kupita kipimo mkulima akapunjika, miaka na miaka. Gunia lisizidi kilo 100, tunajua, mkulima wa Isongole akiona mtu anashona kilemba juu ya gunia la viazi anapiga kelele. Mchele wa Kyela tunapima. Misumari dukani inapimwa kwa kilo. Parachichi za Rungwe na Njombe zinazosafirishwa nje zinapangwa kwa uzito, tunda kwa tunda. Mbuzi yuko hai, mtu anambeba kidogo mikononi kwanza aone. Lakini kitu cha laki nne na nusu, kitu ambacho utakilalia theluthi moja ya maisha yako, tunakiminya kwa kidole gumba mara mbili, tunasema "hili zuri," tunatoa hela. Tena tunamsaidia mwizi wetu: "Hamna la inchi 12?" Inchi zile ni lumbesa ya hewa, na tofauti na lumbesa ya viazi, hii anayejaziwa ndiye anayelia.

Kwa nini kilo isiandikwe? Lebo ya godoro lile niliisoma yote, mbele na nyuma. Ina maua, ina "densiti ya juu" (juu ya nini?), ina picha ya uti wa mgongo uliotabasamu. Namba ya densiti haimo. Kwenye pakiti ya chumvi ya bei ya pipi naambiwa gramu, na kwenye godoro naonyeshwa uti wa mgongo. Nawaomba watu wa vipimo, kwa heshima, siku mkimaliza magunia ya viazi mpite na upande wa magodoro.

Bibi yangu kule Tukuyu alilalia gunia lililoshindiliwa majani makavu ya migomba. Likinywea analifumua, anatoa ya zamani, anaweka mapya, anashona. Sisemi turudi huko, mgongo wangu haujasahau vile vikonyo. Ila bibi alijua kilichomo ndani. Mimi nikigusa zipu naambiwa, "Mama, ukifungua hiyo waranti imekufa."

Haya, najua kuna mtu ameshajiandaa kunisahihisha, nimwahi. Ndiyo, kilo nazo zinadanganya. Kuna sponji zinazoongezwa unga wa chokaa ili ziwe nzito, na kuna yale magodoro ya chenga za sponji zilizogandishwa kwa gundi, mazito kweli kweli, na ukiyalalia ni kama umelala kwenye rafu za barabarani. Na godoro la springi hesabu yangu haihusiki nalo, kule unapima chuma. Nakubali. Lakini nitajieni godoro jepesi la sponji lililodumu miaka kumi chini ya watu wazima wawili, nami nitafuta makala hii.

Jambo jingine linalonichefua ni kuchanganya uzito na ugumu. Muuzaji anapiga godoro kofi, linalia pu, anasema hilo ndilo la mgongo, daktari mwenyewe analitaka. Daktari yupi? Mwaka 2003 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Hispania, watu 313 wenye maumivu ya muda mrefu ya kiuno, wengine wakapewa godoro gumu, wengine la ugumu wa kati, wakafuatwa siku 90. Waliopata nafuu zaidi ni wa ugumu wa kati. Sponji ya densiti ya 28 inaweza kuwa laini, ya 15 ikawa ngumu siku ya kwanza, ndiyo maana kidole gumba hakitakuambia kitu. Lala. Vua viatu, lala kwa ubavu jinsi unavyolala nyumbani, dakika kumi, wacha wateja wakuangalie. Na wale wanaouziwa ile sponji ya kisasa inayoshika umbo la mwili, mjue kwamba ikipata baridi inakakamaa. Chumba cha Mbeya, Julai, saa nne usiku, utapanda kitandani kama unapanda juu ya meza, ikianza kulainika umeshalala.

Nailoni. Toeni nailoni jamani! Ninaye mkwe ambaye godoro lake lina miaka sita na bado limo kwenye nailoni ya kiwandani, eti lisichafuke. Ukigeuka usiku unasikia kwarakwara kama mtu anafungua biskuti kanisani. Jasho halina pa kutokea, na kwa ubaridi huu linageuka maji, halafu ukungu. Shona foronya ya godoro, inafulika.

Chaga za kitanda nazo, ukipitisha ngumi katikati yake ni chache, rudi kwa seremala. Godoro juu ya sakafu ya saruji, hapana, hasa kwa watu wa Tukuyu ambako mvua haijui kalenda. Kuanika juani sponji iliyo wazi, hapana pia, inakuwa njano na kumomonyoka. Risiti tunza.

Jumamosi nilirudi Mwanjelwa, duka jingine, mizani ya jirani begani na kamba ya katani mkononi. Binti na mumewe wakakataa kuingia na mimi, wakasimama ng'ambo kwa muuza mahindi kama hatujuani. Kijana wa duka alidhani nauza mizani. Nilipomweleza akacheka, lakini alikuwa na adabu, akaniambia, "Sawa mama, pima." Tukaanza na la maua, 6 kwa 6, inchi 10: kilo 14. Hesabu inatoa 16. Kisha akanivutia moja lililosimamishwa nyuma kabisa, kitambaa cha mistari kama cha bweni la shule ya sekondari, 6 kwa 6, inchi 8, bei yake pungufu kwa elfu sabini. Tulilinyanyua kwa taabu. Kilo 18. Hesabu ikatoa 26 na nusu.

Yule kijana akanyamaza. Akachukua kalamu ya wino mzito akaandika "18" kwenye nailoni. Akavuta jingine, akapima, akaandika. La nne, la tano. Wateja wawili wakasogea, mmoja akamuuliza mwenzake ile 18 ni bei au ni nini. Tulikuwa kwenye godoro la saba bosi wake alipoingia na funguo za gari mkononi, akatuangalia, akaangalia mizani, akasema hapa hatuuzi viazi.

Nikalipia lile la mistari. Lilibebwa na watu wawili mpaka kwenye kirikuu, wakalipumzisha mara moja njiani. Hakuna aliyecheza. Lile la dhahabu liko kwangu, chumba cha wageni. Mkija Mbeya karibuni sana.