Wamefunga Kibanda cha Gemu, Mashine ya Kamari Wameiacha

Wiki mbili zilizopita dada mmoja wa mtaani kwetu, hapa Ngarenaro, Arusha, aliporwa simu saa moja na nusu jioni akitoka kazini. Aliyempora ni chalii wa miaka 16, na watu walimdaka kabla hajafika barabara kubwa. Namshukuru Mungu mgambo waliwahi, maana mawe yalishaanza kuokotwa. Jumamosi yake tukaitwa mkutano wa mtaa. Mzee mmoja akasimama, akasema chalii huyo alikuwa anashinda kibanda cha gemu, na mle ndani watoto wanafundishwa kuua watu na kuiba magari. Kina mama wakapiga makofi. Ajenda nzima ya usalama haikumaliza robo saa, na kufikia saa sita mchana kibanda kilikuwa na kufuli.

Mimi sikubaliani, na pale mkutanoni sikupata nafasi ya kusema yote. Nayasema hapa.

Kwanza mjue ninapotokea. Mimi ni fundi simu, na padi za kuchezea gemu za kibanda kile natengeneza mimi. Kikifungwa napoteza hela, si nyingi, lakini napoteza, kwa hiyo mpime maneno yangu mkijua hilo. Ila ni kazi hiyo hiyo iliyonifanya nijue kinachochezwa mle ndani kuliko wengi waliopiga makofi.

Kibanda chenyewe ni cha bati, kimeegemea ukuta wa duka la mkaa. Mlangoni limening'inizwa shuka la Kimasai kuzuia mwanga. Ndani kuna TV nne, tatu za chogo na moja bapa iliyopasuka pembeni, na mabenchi yaliyolainika kwa kukaliwa. Mechi ya mpira ni shilingi 300. Ukifungwa unanyanyuka, unampisha mwenzako. Padi wanazoniletea karibu zote zinaumwa ugonjwa mmoja: kitufe cha pasi na cha kukimbizia vimelika mpaka raba ya ndani imetoboka, na kile kijiti cha kushoto kinachomwendesha mchezaji kimelegea. Hizo ni padi za mpira. Gemu ya Grand Theft Auto ipo kwenye TV moja tu, ile ya kona, na machalii wanaoicheza wengi hawafuati hata misheni. Wanahangaika kutafuta ndege waone kama inaweza kupita chini ya daraja, huku wengine nyuma wanashangilia.

Kaka mwenye kibanda anakaa mlangoni na daftari lake. Mwenye sare ya shule haingii kabla ya saa tisa na nusu. Siku moja alikuja mtoto na noti ya elfu kumi, akaulizwa kaitoa wapi, akababaika. Kaka akawaambia waliokuwa ndani wamalize mechi, akafunga kibanda, akamshika yule mtoto mkono mpaka kwao, akamkabidhi mama yake ile hela. Niliona kwa macho yangu, nilikuwa nimemletea padi mbili. Mkutanoni hakuna aliyelitaja hilo, hata mama mwenyewe.

Na kuna jambo jingine ambalo halikutajwa. Chalii aliyepora simu, alipobanwa na mgambo usiku ule, alisema anadaiwa elfu arobaini. Alikopa kwa wenzake, na hela yote ikaishia kwenye mashine ya bonanza, ile ya kamari ya kutumbukiza sarafu, iliyo nyuma ya duka moja hapa hapa mtaani. Tulikuwepo zaidi ya watu 10 tulioyasikia maneno hayo. Baba yake alikwenda machimboni Mererani miaka mitatu iliyopita na hajarudi. Shule aliacha kidato cha pili. Huyu mtoto ana mambo mengi ya kuelezea alichofanya, na gemu ya mpira aliyokuwa akiicheza mara moja moja ni la mwisho kabisa kwenye orodha.

Jambo hili limenikumbusha kesi moja ya Uingereza. Februari 2004, mjini Leicester, kijana wa miaka 17 alimuua rafiki yake wa miaka 14. Magazeti yakaandika kwamba chanzo ni gemu iitwayo Manhunt, ambayo kweli ni ya kikatili, na baadhi ya maduka yakaiondoa kwenye rafu. Polisi waliochunguza walisema kijana yule aliua kwa sababu ya wizi. Alikuwa na deni la dawa za kulevya. Na nakala ya gemu iliyokutwa ilikuwa chumbani kwa marehemu, wala si kwa muuaji. Hayo yote yalisemwa, lakini kelele za gemu zilishakuwa kubwa kuliko maneno ya polisi. Mtoto mwenye deni, wakubwa wanaoangalia TV. Ngarenaro na Leicester ni mbali, ila nimeona kitu kile kile.

Wanaotaka gemu zipigwe marufuku wanadhani hakuna nchi iliyojaribu. Venezuela ilitunga sheria mwaka 2009, ikaanza kufanya kazi Machi 2010, ya kuzuia gemu na hata midoli ya kivita, na muuzaji alitishiwa kifungo cha miaka kadhaa jela. Mauaji hayakushuka. Miaka iliyofuata nchi hiyo iliendelea kuwa miongoni mwa nchi zenye mauaji mengi zaidi duniani, kwa sababu bunduki, njaa na magenge vilibaki palepale. Marekani walikwenda njia nyingine. Desemba 1993 maseneta waliitisha vikao kuhusu gemu za ngumi zenye damu, na mwaka 1994 watengenezaji wakaanzisha utaratibu wa kuandika umri kwenye kasha. California ilipotaka kuadhibu wanaowauzia watoto gemu za ukatili, Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta sheria hiyo Juni 2011, majaji 7 dhidi ya 2. Katika miaka hiyo yote gemu zilizidi kuwa nyingi na zenye kufanana na maisha halisi. Uhalifu wa kutumia nguvu, uliokuwa zaidi ya matukio 750 kwa kila watu 100,000 mwaka 1991, ulikuwa chini ya 400 ilipofika 2014. Sisemi gemu ndizo zilizoushusha. Nasema kama kweli gemu zingekuwa zinazalisha majambazi, kizazi kile kingeichoma Marekani.

Najua kuna atakayesema mwanawe akitoka kucheza anakuwa mkali, anarusha vitu. Mama huyo hasemi uongo. Chama cha wanasaikolojia cha Marekani, APA, kilipopitia upya tafiti mwaka 2020 kilisema uhusiano mdogo upo kati ya gemu za ukatili na ukali wa aina hiyo, kufoka na kusukumana, lakini kikaonya kwamba hakuna ushahidi wa kutosha wa kuzifungamanisha na uhalifu wa kutumia nguvu. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walichukua watoto wapatao 1,000 wa Uingereza wenye miaka 14 na 15, wakawauliza wanacheza nini, na tabia zao wakawauliza wazazi na walezi, wasitegemee majibu ya watoto peke yao. Hata ule ukali mdogo hawakuuona ukienda sambamba na gemu. Mtoto aliyefungwa mabao manne mbele ya wenzake atakasirika. Hata wa kwenye uwanja wa vumbi anakasirika.

Utafiti unaonigusa zaidi hauhusu gemu kabisa. Wachumi wawili, Gordon Dahl na Stefano DellaVigna, walichapisha mwaka 2009 hesabu zao kuhusu filamu za ukatili zilizooneshwa Marekani kati ya 1995 na 2004. Wengi wangetegemea nini? Kwamba wikiendi ambayo filamu ya kuchinjana imejaza ukumbi, mapigano mtaani yataongezeka. Waliona yanapungua. Yalipungua jioni filamu ikiwa inaendelea, na yakaendelea kupungua baada ya saa sita usiku mpaka alfajiri, wakati watu wameshatoka ukumbini. Maelezo yao yananiingia akilini kwa sababu nayaona kila siku: vijana wa kiume walewale wanaopenda vurugu walikuwa wamekaa kwenye viti, hawakuwa baa. Wenyewe wanasema matokeo yao ni ya muda mfupi, hayaelezi mtu atakuwaje baada ya miaka. Sawa. Lakini simu ya yule dada iliporwa jioni moja, ndani ya dakika moja. Usalama wa mtaa ni suala la nani yuko wapi saa moja na nusu jioni.

Kwa hiyo ninapouliza marufuku inafanya nini kwenye uhalifu, siulizi gemu inaingiza nini kichwani. Nauliza chalii akifukuzwa kwenye benchi lile anakwenda wapi. Wachache watakwenda nyumbani, wale ambao nyumbani kuna mtu. Wenye simu watacheza gemu zilezile peke yao, spika masikioni, hakuna kaka mlangoni wa kuuliza noti imetoka wapi. Waliobaki wataenda kijiweni. Panga halifundishwi na TV, liko kila nyumba. Dar es Salaam walipohangaishwa na magenge ya vijana ya Panya Road mwanzoni mwa 2015 na tena 2022, wale vijana walitembea na kitu ambacho babu zetu walilimia migomba.

Siwezi kuficha kwamba kibanda kina makosa. Grand Theft Auto si ya mtoto wa miaka 9. Huko Ulaya kwenye kasha imeandikwa 18, na kuna siku nimekuta watoto wadogo wamejazana kwenye ile TV ya kona. Nilimwambia kaka, akasema wanaangalia tu, hawashiki padi. Halitoshi jibu hilo, na nilimwambia. Watoto wa shule ya msingi waishie kwenye mpira, na ile TV igeuzwe ielekee ukutani, kwa wakubwa. Saa mbili usiku pafungwe. Hayo ni masharti ambayo mtaa unaweza kuyaweka na mjumbe akayasimamia, na naamini kaka atayakubali kwa sababu yeye mwenyewe anataka kulala mapema.

Mashine ya bonanza ni habari nyingine kabisa. Ile ni kamari. Sheria yetu ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 hairuhusu aliye chini ya miaka 18 aicheze, na kila mwenye mashine anajua. Ugiriki mwaka 2002 walikuwa na tatizo kama letu: mashine za kamari zilizofichwa kwenye vibanda vya gemu. Badala ya kuzikamata hizo, wakapitisha sheria namba 3037 iliyozuia gemu zote za umeme mahali pa umma, hadi watu waliokaa kwenye intaneti kafe wakicheza wakafikishwa mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama ya Ulaya ikasema Ugiriki imekosea. Wagiriki walau walianzia kwenye kamari, wakakosea kwa kutupa wavu mpana. Sisi tumevua gemu, kamari tukaiacha majini.

Jumanne saa kumi jioni nilipita nyuma ya lile duka. Kibanda kilikuwa na siku ya kumi kimefungwa. Nilikuta machalii watano wamezunguka mashine, wanne nawafahamu kwa majina kwa sababu padi walizoua nimezifungua mimi. Mmoja alikuwa na sare, sweta amelifunga kiunoni ili nembo ya shule isionekane. Alikuwa na sarafu za mia mbili kwenye kiganja, anazitumbukiza moja moja, na kila taa zikizunguka wenzake wananyamaza kimya. Pale hakuna anayeshangilia. Sarafu ya mwisho ilipoliwa aligeuka akamuomba mwenzake mia mbili, akanyimwa, akaomba tena. Mwenye duka alikuwa ndani anapima sukari.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa mtaa. Nilimkuta barazani, nikamwamkia, nikamweleza nilichokiona. Alinisikiliza vizuri, ni mtu mwema, simlaumu kwa nia yake. Akaniambia, "Sasa fundi, ile mashine ina leseni. Kibanda cha gemu hakina."

Nikamwambia leseni ile haimpi ruhusa mtoto mwenye sare. Akakaa kimya kidogo, akauliza ni saa ngapi wanakuwepo. Nikamwambia saa kumi, shule zikitoka. Akasema Alhamisi atakuja kuona mwenyewe, na nisimwambie mtu. Alhamisi ni kesho. Nitafunga ofisi saa tisa na nusu, nimsubiri pale kwenye ukuta wa duka la mkaa, mbele ya kufuli la kibanda.